Mtoro wa Missouri

Mtu akiua Busia upande wa Kenya, kisha akavuka kwenda Busia upande wa Uganda, huenda mwendo wake usitimize robo saa. Lakini katika hatua hizo chache amefanya jambo kubwa kuliko mwendo wenyewe: ametoka katika mkono wa serikali moja akaingia katika mkono wa serikali nyingine. Askari wa Kenya, hata wakimwona kwa macho ng'ambo ya pili, hawana ruhusa ya kuvuka wakamtia pingu. Yawapasa waombe. Na serikali inayoombwa yapasa ijiulize kwanza: mtu huyu anatakiwa kwa kosa gani, ushahidi u wapi, na je, akirudishwa, atakutana na nini huko alikotoka?

Maswali haya si ya jana. Yapata mwaka 1259 kabla ya kuzaliwa Kristo, Ramesses wa Pili, mfalme wa Misri, alipatana na Hattusili wa Tatu, mfalme wa Wahiti, baada ya uadui wa miaka mingi. Mapatano yao yalichongwa katika kuta za mahekalu ya Misri, na nakala yake ikaandikwa katika vigae vya udongo huko Hattusa, mji mkuu wa Wahiti. Ndani yake wafalme hawa waliahidiana kurudishiana watoro. Ahadi hiyo haistaajabishi, kwa kuwa hapana mfalme apendaye kuona raia wake wakimkimbia. Linalostaajabisha ni sharti lililofuata: mtoro akirudishwa asiadhibiwe kwa kutoroka kwake, nyumba yake isiharibiwe, mke wake na watoto wake wasiangamizwe, wala yeye mwenyewe asidhuriwe macho, masikio, kinywa wala miguu. Zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita watu walikwisha kutambua kuwa kumkabidhi mtu si sawa na kurudisha ng'ombe aliyepotea.

Nataka kusimulia hapa kesi moja tu, ya mtu aliyeitwa John Anderson. Kuna kesi nyingine nyingi za namna hii, na baadhi yake zina majina makubwa zaidi. Nimeichagua hii kwa sababu maswali yale matatu yalikutana ndani yake kwa ukali usio wa kawaida, na kwa sababu majaji waliokaa katika baraza moja, wakisoma mkataba mmoja, walitoa majibu mawili yasiyoweza kukaa pamoja.

Anderson alizaliwa yapata mwaka 1831 katika wilaya ya Howard, jimbo la Missouri, nchini Marekani. Alizaliwa mtumwa, katika shamba la mkulima wa tumbaku aliyeitwa Moses Burton. Mama yake aliuzwa, akachukuliwa mbali, mwana akiwa angali mdogo, naye akalelewa nyumbani kwa Burton. Alipokuwa kijana alimwoa Maria, mtumwa wa shamba jingine la jirani, wakapata mtoto. Ndoa ya watumwa haikuwa na nguvu mbele ya sheria ya Missouri. Ilisimama maadamu mabwana wawili walipenda isimame, na ikianguka hapakuwa na hakimu wa kupokea mashtaka yao.

Mwaka 1853 ilianguka. Burton alimwuza Anderson kwa mtu mwingine, Reuben McDaniel, aliyekaa ng'ambo ya mto Missouri katika wilaya ya Saline, mwendo wa maili kama thelathini kutoka kwa Maria. Anderson aliomba ruhusa ya kwenda kumwona mkewe, akakataliwa. Bwana mpya alimwambia ajichagulie mke mwingine miongoni mwa watumwa wa shamba lake. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Anderson alitoroka. Alivuka mto, akaenda kuwaaga mke wake na mtoto, kisha akashika njia ya kaskazini.

Hapa yatupasa tuielewe sheria ya Missouri, kwa maana kesi nzima inategemea kifungu chake kimoja. Mtumwa aliyeonekana zaidi ya maili ishirini kutoka nyumbani kwa bwana wake, bila cheti cha ruhusa, aliweza kukamatwa na mtu yeyote. Na mkamataji alistahili kulipwa. Msomaji wa Kenya ambaye babu yake alivaa kipande shingoni hahitaji kufafanuliwa sana maana ya karatasi ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba huko Missouri kila mzungu wa njiani alikuwa polisi, na malipo yalimngoja.

Siku ya 28 Septemba, Anderson alikutana na mkulima mmoja, Seneca Digges, aliyekuwa shambani kwake pamoja na watumwa wake. Digges alimwuliza cheti. Hakuwa nacho. Digges akamwambia afuatane naye nyumbani, na Anderson, alipopata nafasi, akakimbia. Watumwa wanne wa Digges waliamriwa kumfukuza, wakaahidiwa sehemu ya malipo. Yafaa tutue kidogo hapa: watumwa wanne wakimwinda mtumwa wa tano kwa ahadi ya fedha kidogo. Waandishi waliosimulia kisa hiki zamani walipita hapo upesi, lakini naona hakuna mahali panapoonyesha uovu wa utumwa kwa uwazi kuliko hapo. Ulimfanya hata aliyefungwa kuwa mnyororo wa mwenziwe.

Walimfukuza muda mrefu porini. Anderson alikuwa na kisu, akawatishia, nao wakawa wanamzunguka kwa mbali. Mwishowe, katika kujaribu kuupenya mzunguko, alikutana na Digges uso kwa uso. Akamchoma kisu, akamchoma tena, akaponyoka. Digges hakufa pale pale. Alifariki baadaye kwa majeraha hayo. Mtoro aliendelea na safari yake usiku hadi usiku, akavuka jimbo la Illinois, akapita Chicago, akafika Detroit, na mwezi wa Novemba akauvuka mto unaotenga Marekani na Kanada. Akatua Windsor, akawa chini ya bendera ya Uingereza.

Kwa nini Kanada? Kwa sababu tangu tarehe 1 Agosti mwaka 1834 sheria ya Bunge la Uingereza ilikuwa imekomesha utumwa katika makoloni yake ya huko, na kabla ya hapo Kanada ya Juu ilikuwa imeanza kuupunguza kwa sheria yake yenyewe ya mwaka 1793. Upande wa pili wa mto mambo yalikuwa kinyume. Sheria ya Marekani ya mwaka 1850 iliwalazimisha hata watu wa majimbo yasiyo na utumwa kusaidia kukamata watoro. Kwa hiyo maelfu ya watu weusi walivuka, wakaanza maisha mapya katika baridi kali ambayo hawakuizoea.

Watu wa pwani yetu walikuwa na mambo yao yanayofanana na haya. Neno mtoro lilikuwa neno zito kule Mombasa na Malindi katika karne ya 19. Watumwa waliokimbia mashamba waliunda vijiji vyao porini, na wengine walikimbilia kituo cha wamisionari cha Rabai. Mabwana walidai warudishiwe mali yao, kama walivyoiita, na mabishano yakawa karibu kumwaga damu. Mwaka 1888 George Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikianza kutawala pwani, aliona njia pekee ya kuepusha vita ni kuwalipa mabwana fidia kwa ajili ya watoro wapatao 1,400, nao watoro wakapewa hati za uhuru. Swali lilikuwa lile lile la Windsor. Pale Rabai lilijibiwa kwa mfuko wa fedha. Kanada lilitakiwa kujibiwa kwa vitabu vya sheria.

Anderson aliishi Kanada karibu miaka saba. Alifanya kazi ya kibarua katika ujenzi wa reli, akajifunza kupiga plasta kuta za nyumba, akaweka akiba. Kisha, mwaka 1860, mtu mmoja aliyekuwa rafiki yake, na aliyekuwa ameambiwa siri ya kisu, aligombana naye. Ugomvi ukaifungua siri. Habari zikamfikia hakimu wa mji wa Brantford, Anderson akakamatwa, akaachiliwa kwa kukosekana ushahidi, kisha akakamatwa tena baada ya askari kanzu mmoja kuja kutoka Detroit akiwa na mashahidi na karatasi kutoka Missouri. Serikali ya Marekani ilitaka akabidhiwe, ahukumiwe kwa kuua.

Je, Kanada ilifungwa na ahadi yoyote? Ndiyo. Tarehe 9 Agosti mwaka 1842, Daniel Webster kwa upande wa Marekani na Lord Ashburton kwa upande wa Uingereza walitia sahihi mkataba mjini Washington. Sehemu kubwa ya mkataba huo yahusu mpaka wa nchi mbili hizo, jambo ambalo halituhusu. Kifungu cha kumi ndicho chetu. Kilisema kwamba kila upande utamkabidhi kwa mwenziwe mtu aliyeshtakiwa kwa mojawapo ya makosa haya: kuua kwa kusudi, kushambulia kwa nia ya kuua, uharamia, kuchoma nyumba, unyang'anyi, na kughushi hati au kuitumia hati ya kughushi. Kikaongeza sharti moja: ushahidi uwe ni ule ambao, kwa sheria ya mahali alipoonekana mtuhumiwa, ungetosha kumkamata na kumpeleka mbele ya mahakama kama kosa lenyewe lingalitendwa mahali hapo.

Tazama vizuri orodha hiyo, utaona kosa moja la kawaida limeachwa: wizi. Halikuachwa kwa kusahau. Miezi michache tu kabla ya mkataba, mtumwa mmoja aliyeitwa Nelson Hackett alikuwa amekimbia kutoka Arkansas hadi Kanada akiwa juu ya farasi wa bwana wake, amechukua na koti, saa ya dhahabu na tandiko. Bwana wake alimfuata, akamshtaki kwa wizi, na mwezi wa Februari mwaka 1842 serikali ya Kanada ikamkabidhi. Aliporudishwa Arkansas hakupelekwa mbele ya mahakama yoyote kujibu mashtaka ya wizi. Alipigwa mijeledi, akarudishwa utumwani, akauzwa. Basi ilidhihirika kwamba shtaka la wizi lilikuwa kamba tu ya kumvutia mtu arudi, kwa maana hapana mtumwa awezaye kutoroka bila kuiba: hata nguo iliyo mwilini mwake ilihesabiwa kuwa ni ya bwana. Wizi ulipoachwa nje ya mkataba, wapinzani wa utumwa wakapumua kidogo.

Lakini kuua kulikuwamo. Na Digges alikuwa amekufa.

Kesi ilipelekwa Toronto, mbele ya majaji watatu wa Mahakama ya Malkia. Wakili wa Anderson aliitwa Samuel Freeman. Jaji Mkuu alikuwa John Beverley Robinson, mzee mwenye heshima kubwa, ambaye katika ujana wake, mwaka 1819, akiwa Mwanasheria Mkuu wa koloni, alitoa maoni kuwa mtu mweusi akikaa Kanada ya Juu ni mtu huru, na sheria yapasa imlinde. Hakuwa, basi, mtetezi wa utumwa. Jambo hilo ndilo linaloifanya hukumu yake istahili kusomwa kwa makini na wala si kwa hasira.

Tarehe 15 Desemba mwaka 1860 ukumbi wa Osgoode Hall ulijaa watu, wengi wao weusi, na polisi wenye silaha wakawekwa kuulinda, maana ilihofiwa kuwa watu wangemnyakua mfungwa. Robinson alisoma hukumu yake. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa hii. Mkataba ni ahadi ya nchi mbili zilizojua, siku ya kutia sahihi, kwamba moja ina utumwa na nyingine haina. Kama Uingereza ilitaka watumwa waondolewe katika kifungu cha kumi, ingalisema, haikusema. Digges alikuwa akifanya jambo ambalo sheria ya mahali pale ilimruhusu kufanya. Aliyemwua mtu anayetekeleza sheria ya mahali, ameua. Kama kuna udhuru wa kumpunguzia kosa, hilo ni la kuamuliwa na baraza la wazee wa mahakama ya Missouri watakaosikiliza kesi yenyewe. Kazi ya jaji wa Toronto ni kutazama kama ushahidi unatosha kumpeleka huko. Aliona unatosha. Jaji Burns akakubaliana naye.

Jaji wa tatu, Archibald McLean, alikataa. Alirudi kwenye maneno yale ya mkataba, kwamba ushahidi upimwe kwa sheria ya mahali alipoonekana mtuhumiwa, kama kwamba jambo limetendwa hapo. Basi, alisema, tulilete jambo hili Kanada. Mtu anatembea barabarani katika nchi yetu. Mtu mwingine anamzuia, hana hati ya hakimu, hana kosa la kumtajia, anataka tu kumfunga na kumrudisha kwa mtu anayedai kumiliki mwili wake. Je, sheria yetu inamwamuru anyoshe mikono afungwe? Haimwamuru. Yampa haki ya kujitetea. Na kama sheria ya Missouri pekee ndiyo iliyogeuza kujitetea huko kuwa uuaji, mahakama ya Kanada haiwezi kuiazima sheria hiyo, kwa kuwa ni sheria ya utumwa, ambayo nchi hii imekwisha kuikana.

Ukiwasoma wawili hawa kwa utulivu utaona kwamba hawakugombana juu ya utumwa. Waligombana juu ya swali gumu zaidi: tunapolipima tendo la mgeni kwa sheria yetu wenyewe, tunaleta kwetu tendo tupu, yaani mkono, kisu na maiti, au tunaleta pia mazingira yake, yaani cheti, maili ishirini na malipo? Robinson aliliacha tendo likae katika sheria ya Missouri, akaona afisa wa sheria ameuawa. McLean alilivua tendo sheria ile, akaona mtu huru amejinusuru na watekaji. Wanasheria wa siku hizi wana kanuni isemayo kwamba mtu asikabidhiwe ila kwa tendo lililo kosa katika nchi zote mbili. Kanuni hiyo hutajwa kwa maneno machache, na mwanafunzi akiisikia mara ya kwanza hudhani ni nyepesi. Kesi ya Anderson yaonyesha uzito wake.

Mimi binafsi naona McLean alikuwa na haki, wala sioni aibu kusema hivyo. Lakini hoja ya Robinson si ya kudharauliwa. Nchi inayotia sahihi mkataba, kisha ikaukunja kila unapoiuma, haitapata wa kumwamini siku itakapotaka wauaji wake yenyewe warudishwe.

Kura zilikuwa mbili kwa moja. Anderson alirudishwa gerezani kungoja kukabidhiwa. Siku tano baadaye jimbo la South Carolina lilitangaza kujitenga na Marekani, na nchi iliyokuwa ikimdai mtoro mmoja kwa jina la sheria ikaanza kupasuka yenyewe, kwa sababu ya utumwa ule ule.

Huko Toronto mikutano mikubwa ya hadhara ilifanyika. Chama cha kupinga utumwa cha Kanada kilipeleka habari London, na wenzao wa huko wakakimbilia mahakama kuu ya Westminster wakaomba hati ya kale ya Kiingereza, ile inayomwamuru mlinzi wa gereza amlete mfungwa mwili wake mbele ya majaji na aeleze sababu ya kumfunga. Tarehe 15 Januari mwaka 1861 Jaji Mkuu Cockburn na wenziwe waliitoa. Majaji wa London walikuwa wamemwamuru mlinzi wa gereza la Kanada!

Mtu angedhani kwamba Kanada nzima ingefurahi. Haikuwa hivyo. Hata baadhi ya wale waliotaka Anderson aachiliwe walichukizwa. Kanada ilikuwa na mahakama zake na bunge lake. Kwa sheria gani majaji wa ng'ambo ya bahari waliruka juu ya vichwa vya majaji wake? Nasi tuliopata kutawaliwa kutoka London twaweza kuielewa chuki hiyo bila mkalimani. Malalamiko yalisikilizwa, na mwaka 1862 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba hati kama ile isipelekwe tena katika koloni lenye mahakama ziwezazo kuitoa zenyewe. Hivyo mtoro mmoja, bila kukusudia, aliongeza uhuru wa mahakama za nchi iliyomhifadhi.

Hati ya London haikuwahi kutekelezwa. Kabla haijafanya kazi, mawakili wa Anderson walikuwa wameigeukia mahakama nyingine ya Toronto, Mahakama ya Madai ya Kawaida, chini ya Jaji Mkuu Draper. Tarehe 16 Februari mwaka 1861 mahakama hiyo ilimwachilia. Hapa huenda msomaji anangoja tamko kuu juu ya haki ya mwanadamu. Halikutoka. Majaji walisema kwamba hati iliyomfunga Anderson, iliyoandikwa na hakimu wa Brantford, ilikuwa na kasoro. Ilisema kuwa alimchoma na kumwua Digges kwa kusudi na kwa nia mbaya, lakini haikulitaja kosa kwa jina lake la kisheria lililoandikwa katika mkataba. Wala haikusema kwamba afungwe mpaka atakapokabidhiwa. Hati yenye kasoro haimfungi mtu. Akatoka mlangoni huru, watu wakampokea kwa shangwe.

Wako wanaoliona jambo hilo kama kichekesho: roho ya mtu kuponea katika kosa la mwandishi. Mimi silioni hivyo. Mtu anapokabidhiwa kwa serikali nyingine, karatasi ndiyo ngao yake pekee, kwa kuwa akishavuka mpaka hawezi tena kuwaita majaji waliomtoa. Mahakama inayodai karatasi iwe kamili haifanyi ukaidi. Hata hivyo, ni kweli kwamba swali la Robinson na McLean liliachwa bila jibu la mwisho. Lilibaki wazi, na nchi nyingine zililirithi.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1870 juu ya kukabidhi wahalifu iliweka kanuni mbili ambazo zingalimfaa Hackett sana: kwamba mtu asitolewe kwa kosa la kisiasa, na kwamba akitolewa kwa kosa moja asije akashtakiwa huko kwa jingine la zamani kabla ya kupewa nafasi ya kurudi. Kenya imezichukua kanuni za namna hiyo. Sura ya 77 ya Sheria za Kenya, inayohusu nchi za Jumuiya ya Madola, yakataza kumtoa mtu ikionekana kwamba anatakiwa hasa kwa ajili ya kabila lake, dini yake, utaifa wake au maoni yake ya siasa. Na mwaka 1989 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliizuia Uingereza kumtoa kijana wa Kijerumani, aliyeshtakiwa kwa kuua huko Virginia, maadamu yalimngoja mateso ya kukaa miaka mingi akisubiri adhabu ya kifo. Akatolewa tu baada ya Marekani kuahidi kwamba hatahukumiwa kifo. Mawakili wa Ramesses wangaliitambua hoja hiyo mara moja.

Anderson hakukaa Kanada. Alihofiwa kuandikiwa hati nyingine, isiyo na kasoro safari hii. Mwaka 1861 marafiki zake walimpeleka Uingereza, ambako alisimamishwa mbele ya mikutano ya maelfu ya watu asimulie kisa chake. Kisha akapelekwa shuleni Corby, katika Northamptonshire, mtu mzima wa miaka thelathini akiketi na daftari kujifunza kusoma na kuandika vizuri. Tarehe 24 Desemba mwaka 1862 alipanda meli Liverpool kwenda Liberia, katika bara ambalo mababu zake walichukuliwa.

Siku nane baada ya meli yake kuondoka, Rais Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Missouri haikuwa imeasi. Haikutajwa katika tangazo, na watumwa wake, katika zile wilaya za tumbaku alikomwacha Maria, walibaki watumwa hadi Januari mwaka 1865.